Nenda Ukaniletee Noeli



Mimi nimekuwa dereva wa lori miaka mingi, na sasa nimestaafu, nimerudi kukaa nyumbani Chinongwe. Wajukuu wangu huniuliza, "Babu, nani alikufundisha kupenda safari?" Wao hudhani nitawatajia tajiri aliyenipa kazi, au utingo mwenzangu aliyenionyesha kushika usukani. Nami huwajibu kwamba nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye maisha yake yote hakufika mbali kuliko Nachingwea. Tena alinifundisha kwa sikukuu ya Noeli. Leo nataka kuwaeleza na ninyi habari hiyo, maana ndani yake mna kosa langu moja ambalo huenda likawafaa watoto wenu.

Nilizaliwa mwaka 1956. Nilipokuwa mdogo, kigango chetu kilikuwa na kanisa dogo la miti na udongo, limeezekwa nyasi. Padre alifika mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote mwalimu wa dini ndiye aliyetuongoza katika sala. Noeli ilipofika, watu wenye nguvu walikwenda kwa miguu mpaka Misheni. Sisi tuliita Misheni tu, kama vile duniani hapakuwa na nyingine. Tuliondoka tarehe 24 Desemba kabla jogoo hajawika, tukatembea mchana kutwa, tukafika jua linapozama. Tulisali Misa ya usiku, tukalala huko, na kesho yake baada ya Misa ya mchana na chakula tukaanza kurudi, tukalala njiani kwa jamaa.

Ninyi mnaokaa upande wetu mnajua Desemba ilivyo. Mvua za kwanza zimeanyesha, ardhi imelainika, kila mtu yuko shambani anapanda. Akiba ya mwaka jana inakaribia kwisha, na nguruwe wanafukua mbegu usiku. Kwa hiyo haikuwezekana nyumba nzima iondoke. Kila nyumba ilitoa watu wake wa kwenda, na wengine wakabaki kulinda. Kwetu aliyebaki kila mwaka alikuwa bibi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, nao ukivimba hakuweza kufika hata kisimani.

Mwaka 1963 mjomba wangu alisema kwamba nimekua, nitakwenda naye. Nilikuwa na miaka saba. Usiku ule sikupata usingizi. Alfajiri nilipokwenda kumwamkia bibi, nilimkuta ameketi mlangoni na taa yake ya kibatari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mimi siwezi kwenda. Basi wewe nenda ukaniletee Noeli."

Nikamwuliza nitailetaje. Akanipa punje saba za mahindi, akazifunga katika pembe moja ya shuka langu. Akasema, "Kila utakapoona jambo linalostahili kuelezwa, fungua pembe hii, toa punje moja, ifunge katika pembe ya pili. Usihamishe ovyo. Ni saba tu. Ukirudi utaniambia moja moja, na kila punje iliyosafiri tutaipanda."

Ndugu msomaji, jaribu mwenyewe jambo hili na utaona kazi yake. Mtoto anayeambiwa akaone mambo saba tu, huanza kuangalia kila kitu. Punje ya kwanza ilitaka kuhama hata hatujavuka kijito cha kwanza, kwa sababu nilimwona kinyonga juu ya mti wa mkorosho. Nikajizuia. Nikasema moyoni, bibi ameona vinyonga wengi. Nikatafuta kitu ambacho bibi hajakiona. Hivyo safari nzima nilitembea na macho mawili yangu na macho mawili ya bibi.

Sikumbuki punje zote za mwaka ule, lakini nyingine nazikumbuka vema. Moja ilikuwa ya mzee kipofu aliyetembea pamoja nasi ameshika fimbo iliyoshikwa na mjukuu wake kwa mbele. Naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuambia kwamba mvua inakuja, kwa kunusa tu. Nyingine ilikuwa ya nyumba moja ya Waislamu njiani, ambao walitupa maji na maembe na kukataa kupokea chochote, wakisema nao wanamjua Isa mwana wa Mariamu. Nyingine ilikuwa ya kengele ya Misheni, ambayo tuliisikia kabla ya kuliona kanisa, na wanawake wote wakapiga vigelegele wakasahau uchovu.

Na nyingine ilikuwa ya pango. Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini, nami sikuelewa neno. Lakini pango nililielewa. Mtoto Yesu alilala juu ya nyasi kama zile za paa letu. Kulikuwa na ng'ombe, na punda, na kondoo. Na nyuma kabisa alikuwako mnyama mwenye shingo ndefu na kibyongo mgongoni. Nikamwuliza mjomba. Akasema, "Ni ngamia. Mamajusi walimpanda, maana walitoka mbali." Nikauliza, "Mbali kama Lindi?" Akacheka, akasema, "Mbali kupita Lindi." Nadhani ndipo ugonjwa wa safari uliponiingia.

Niliporudi bibi aliandaa mkeka. Hakuniruhusu kueleza kabla ya kula. Kisha akafungua pembe ya shuka, akaweka punje moja kiganjani mwake, akasema, "Haya, hii iliona nini?" Naye aliuliza maswali! Yule mzee kipofu alivaa nini? Maembe yale yalikuwa ya nyuzi au laini? Ngamia ana kwato kama mbuzi, au ana kucha? Sikuweza kujibu swali la ngamia, akaniambia, "Basi mwakani utazame miguu." Baada ya yote tukatoka, tukazipanda punje saba ubavuni mwa nyumba, pale maji ya paa yanapoangukia. Mahindi yale tuliyaita Noeli, nayo tuliyachoma yalipokuwa mabichi.

Bibi alikuwa na safari moja tu ya kusimulia. Katika siku za mashamba makubwa ya karanga, ambayo Waingereza waliyaanza mwaka 1947 na kuyaacha mwaka 1951, alifika Nachingwea kumwona ndugu yake aliyekuwa kibarua huko, akaliona gari la moshi. Mimi nilipokuwa na akili za kutamani kuliona, reli ile ya Kusini ilikuwa imekwisha fungwa, na vyuma vyake vinang'olewa. Lakini bibi alilieleza gari lile hivi kwamba hata leo naweza kukuchorea moshi wake. Hakusema tu kwamba lilikuwa kubwa. Alisema kwamba lilipopita, maji ndani ya mtungi wake yalitetemeka.

Basi nilikwenda mwaka 1963, na 1964, na 1965. Kila mwaka nilirudi na punje saba. Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kama mnavyojua, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulianza mwaka 1962 ukamalizika mwaka 1965, na kutokana nao Misa ikaanza kusomwa kwa lugha zetu. Habari hiyo ilimfikia bibi. Yeye alibatizwa akiwa mtu mzima, na miaka yote alisikia Misa kwa Kilatini. Padre alipofika kigangoni kwetu mara ya mwisho, bibi alikuwa amelala na homa, hakuweza kuinuka. Kwa hiyo alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1966, alipokuwa anafunga punje, aliniambia hivi: "Mume wangu, mwaka huu punje sita ni zako, utazame upendacho. Lakini ya saba ni yangu. Sikiliza Padre anasema nini kwa Kiswahili wakati anapoinua Mwili wa Bwana. Maneno yenyewe. Uniletee."

Nikamwahidi.

Mwaka ule mvua ilitupiga njia nzima. Kijito kimoja kilijaa, tukazunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Tulifika Misheni usiku, tumelowa. Kanisani kulikuwa na joto la watu wengi, nami nilipata nafasi karibu kabisa na pango. Niliketi, nikasema nitafumba macho kidogo tu mpaka Misa ianze. Nilipoamka nilikuwa mgongoni mwa mjomba, tuko nje, watu wanapeana mikono wakitakiana heri ya Noeli.

Kesho yake ilikuwako Misa nyingine. Ningeweza kuingia nikasikiliza vizuri. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na nje wenzangu walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Nikasema moyoni kwamba bibi hatajua. Punje ya saba nikaihamisha kwa mkono wangu mwenyewe, hapo uwanjani, bila kuona kitu.

Tuliporudi nilieleza zile sita vizuri kabisa. Bibi alicheka, akauliza maswali yake. Kisha akashika ya saba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Hii ilisikia nini?"

Nikatunga maneno. Niliyachukua hapa na pale katika katekisimu, nikayatia ukubwa, nikayasema kwa sauti kama ya Padre. Bibi alinitazama. Hakukasirika. Aliigeuza ile punje kidoleni, akaufungua mkono wangu, akairudisha.

"Hii haijasafiri, mume wangu. Iweke mpaka itakaposafiri."

Tukapanda sita tu.

Sijui kama mjomba alikuwa amemwambia, au kama aliniona usoni mwenyewe. Niliona haya hata sikuweza kuomba radhi. Nikajipa moyo kwamba Noeli ijayo nitakaa macho usiku kucha, nitayashika maneno yote, nitamletea na zaidi. Niliihifadhi ile punje katika kikopo.

Bibi alifariki kabla mahindi yale sita hayajakauka. Homa ilimshika siku tatu tu. Padre alikuwa mbali, na mvua ilikuwa imefunga njia. Mwalimu wa dini alimsomea sala. Bibi yangu akafa hajasikia, hata kwa kinywa cha mjukuu wake, maneno yale aliyoyangoja miaka mingi. Nilipofungua kikopo, punje ilikuwa imetobolewa na fukusi, imebaki ganda na unga.

Nilikwenda kuungama, nikapewa maondoleo. Mungu ni mwema. Lakini maondoleo hayaondoi kumbukumbu, na nadhani ni vema hivyo. Tangu siku ile, kila nilipotoka nyumbani nilisafiri kama mtu mwenye deni.

Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya utingo, kisha udereva. Nilizifahamu njia za Masasi na Newala, Lindi na Mtwara, na ile njia ndefu ya Dar es Salaam. Wenzangu wengi walikuwa wakizihesabu safari zao kwa malipo au kwa matairi yaliyopasuka. Mimi nilihesabu kwa punje. Nilipopita Ndanda nilisimama kuwauliza wazee habari za kanisa. Nikajifunza kwamba Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, kwamba misheni zote mbili ziliteketea katika vita vya Majimaji mwaka 1905, na kwamba mwaka uliofuata ndipo wakaanza Ndanda. Nikawaza: lile pango nililoliona nikiwa mtoto, lilifika kwetu kwa miguu ya watu, tena zaidi ya mara moja.

Nikasoma pia habari za Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Yeye ndiye aliyetengeneza pango la Noeli katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223, akaweka ng'ombe na punda wa kweli ili watu maskini waone kwa macho jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika shida. Naye alikuwa msafiri. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1219, katikati ya vita, alifika Misri akazungumza kwa amani na Sultani al-Kamil. Aliporudi kwao, akawapa watu pango. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi na mkeka wake.

Lakini Noeli iliyonilipa deni kidogo ilikuwa ya mwaka 1997. Mtakumbuka mvua za El Niño. Wakati ule mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, maana daraja halikuwako. Nilitoka Dar es Salaam na shehena ya sukari na sabuni, na abiria wachache waliotaka kuwahi sikukuu kwao. Tulipofika Ikwiriri tuliambiwa maji yamezidi, pantoni haivuki. Tukangoja siku moja, na ya pili, na ya tatu. Tarehe 24 Desemba ikatukuta hapo hapo, malori mengi yamepangana kwenye matope. Akina mama walikuwa na watoto wachanga chini ya maturubai.

Nilikasirika sana. Mama yangu alikuwa mzee, ananingoja Chinongwe. Jioni mzee mmoja wa pale, Mwislamu mwenye kofia ya kazi ya mkono, alikuja akatutazama. Akasema, "Hawa wenye watoto wasilale matopeni," akawachukua nyumbani kwake. Baadaye mke wake na binti zake wakaja na sufuria ya wali na samaki wa mtoni, wakatugawia sote, dereva na utingo, Mkristo na Mwislamu. Usiku sisi Wakatoliki tulikuwa watu kumi na mmoja. Tukakusanyika barazani kwake kwa ruhusa yake. Hatukuwa na Padre, wala kitabu isipokuwa Agano Jipya la mwanamke mmoja. Tukasoma Injili ya kuzaliwa, tukasali Rozari. Mtoto mchanga mmoja akalia katikati ya sala, na mzee yule akasema kutoka ndani, "Mwacheni alie, usiku wa leo ni wake."

Usiku ule sikulala hata kidogo. Wengine walidhani nalinda shehena.

Nilifika nyumbani tarehe 29. Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza nimeleta nini. Akasema, kama mama yake alivyokuwa akisema, "Haya, kaa ule, kisha utuambie." Binti yangu mdogo alikuwa karibu yake. Nikamtuma alete punje saba. Nikaeleza moja moja. Nilipofika kwenye ya saba, nikamweleza mama yangu jambo ambalo sikuwa nimemweleza kwa miaka thelathini na moja, habari ya punje ile iliyorudishwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Alijua. Alifurahi kwamba ulitaka kumpendeza. Lakini hakutaka uzoee." Tukatoka na kibatari tukazipanda, sote watatu.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita moja juu ya mto ule ule, na sasa magari huvuka kwa dakika chache. Nashukuru. Lakini kila nilipolivuka nilipunguza mwendo, nikatazama chini upande wa maji.

Wazazi wapendwa, siwaambii muwatembeze watoto usiku kati ya simba kama tulivyotembezwa sisi. Siku hizi kuna pikipiki na magari, na katika mahali pengi kanisa limesogea karibu na nyumba. Nawaomba jambo moja tu. Noeli ijayo, mtoto anapokwenda kanisani, kwa jirani au kwa shangazi mji mwingine, mpeni mtu wa kumletea habari. Katika kila kijiji yuko mzee asiyeweza kutembea. Mwambieni mtoto, "Nenda ukamletee Noeli." Hapo ataanza kuona. Na mtoto anayeona hatachoka kusafiri maisha yake yote, wala hatasahau njia ya kurudi.

Nanyi vijana mlioko Dar es Salaam, Mtwara na kwingineko, najua mnatuma picha kwa simu. Ni vizuri, tunazitazama. Lakini picha haiwezi kuulizwa maembe yalikuwa ya nyuzi au laini. Angalieni Injili yenyewe. Yosefu na Mariamu walisafiri kutoka Nazareti mpaka Betlehemu, zaidi ya kilomita mia moja. Mamajusi walitoka mbali, kisha wakarudi kwao. Wachungaji nao walirudi kwa kondoo wao, wakisimulia waliyoyaona. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rudini basi, mketi mkekani, mseme.

Mimi sasa mguu wangu nao umeanza kuvimba. Mwaka jana sikuweza kwenda Misa ya usiku. Mjukuu wangu wa miaka minane alikuja alfajiri kuniamkia. Nilikuwa nimemwandalia punje saba. Nilipozifunga katika kitambaa chake, aliniuliza, "Babu, na nisipoona saba je?"

Nikamwambia, "Rudi na chache. Zisizosafiri tutaziweka, utakwenda nazo tena."

Alirudi na tano.